Sura Nyuma ya Kitambaa

Nachingwea,
12 Agosti 2024

Mdogo wangu Biasha,

Assalaam alaikum. Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ya mwisho ilinifikia kabla ya Idi, na Idi imepita, na mpaka leo sijakujibu. Sababu ni mbili. Ya kwanza nitakueleza sasa. Ya pili iache kwanza.

Sababu ya kwanza ni macho. La kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kulifuata. Tangu mwezi wa tano nilikuwa nasomewa barua na mjukuu wangu Samia, na barua yako haikuwa ya kusomewa na mtoto. Nilisubiri mpaka nilipopata miwani, nikaisoma mwenyewe mstari kwa mstari. Ndiyo maana naandika herufi kubwa namna hii, usidhani nakugombeza.

Wifi yako Hajra hajambo, ila miguu inamsumbua akirudi sokoni. Samia yuko darasa la sita na mwandiko wake ni mbaya. Mikorosho yangu michache imeanza kutoa maua.

Uliniuliza kwa nini nisikupigie simu. Huko kwenu mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja, na watu hupanga foleni pale wakisikilizana. Jambo langu si la kichuguuni. Barua hii ataileta Lukasi, kondakta, mpaka Ruangwa, na kijana wa bodaboda atakufikishia Nambilanje.

Daktari wa macho anaitwa Winfrida. Ni mdogo kwa umri, ana adabu, lakini haogopi wazee. Nilimweleza kwamba siku moja nilimwona Hajra amesimama mlangoni, nikamsemesha, kumbe ni khanga yake imeanikwa. Nilitarajia aniambie kwamba macho yamekwisha. Alisema macho yangu yalileta kivuli na rangi tu. Aliyemleta Hajra ni ubongo wangu, kwa sababu kila siku saa kumi Hajra husimama pale. Alisema jicho la kila mtu, hata la kijana, huleta habari chache, na ubongo hujaza zilizobaki kwa kukisia yale uliyoyazoea. Mara nyingi makisio huwa sawa, ndiyo maana hatujui kwamba tunakisia.

Nilimbishia. Ukutani palikuwa na rafu ya chupa za dawa. Akaniomba nihesabu zenye vifuniko vyekundu, kwa jicho lililo nafuu, bila haraka, kwa kuwa alitaka jibu sahihi. Nilihesabu kumi na saba, na ndizo zilizokuwepo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, bakora yako iko wapi?"

Nilikuwa nimeiegemeza gotini. Haikuwapo. Muuguzi alikuwa ameingia, akapita kati yangu na ile rafu, akaichukua, akatoka. Biasha, sikumwona mtu mzima aliyevaa nguo nyeupe, kwa kuwa nilikuwa natafuta vifuniko vyekundu. Tangu siku hiyo sina raha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Lukasi ameniambia kwamba utakuwa shahidi katika kesi ya Saturnini, na kwamba hakuna mwingine aliyeona ila wewe. Kesi ya mauaji haina dhamana, na mwisho wake unaujua. Shemeji yako Amiri aliungua mle kibandani, Mwenyezi Mungu amrehemu, na anastahili haki. Lakini nataka uniandikie kwa utaratibu ulichokiona asubuhi ile: si ulichowaambia polisi, wala wanachokisema watoto wa Amiri. Anza ulipotoka nyumbani, umalize moshi ulipoonekana.

Mwanao Harithi yuko wapi siku hizi? Hajaniandikia tangu alipopita hapa mwaka jana.

Ni mimi kaka yako,
Masoudi

—

Nambilanje,
3 Septemba 2024

Kaka yangu Masoudi,

Waalaikumu salaam. Shikamoo. Nimepokea barua yako na nimekusamehe kabla hujaomba. Pole sana kwa macho. Mpe wifi pole ya miguu; mwambie achemshe majani ya mwarobaini aikande, asidharau. Huku tu wazima. Mahindi yalitosha. Ufuta tuliuuza wote. Mbuzi wako yule mweusi amezaa mapacha, mmoja amekufa.

Umetaka nikuandikie kama ninavyoandika insha. Kaka, mimi si mwanafunzi wako, na nilichokiona nilikiona. Lakini kwa kuwa ni wewe, nitaandika.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka jana, wakati wa kuipulizia mikorosho salfa. Unazijua asubuhi zile. Mashine zinalia kila upande kabla upepo haujaamka, na chini ya mikorosho yote kuna vumbi la manjano limetanda kama ukungu. Nilitoka na ungo kwenda kuchuma mbaazi. Nilipofika mpakani mwa shamba la shemeji, mtu alitoka kwenye kibanda chake, kile alichotuhifadhia sote mifuko ya salfa. Alikuwa na mashine mgongoni na lile koti refu la kijani. Zilikuwa hatua thelathini hivi. Nikamsalimu. Hakuitikia. Akageuka akanitazama, kisha akashika njia ya bondeni.

Alikuwa Saturnini. Niliuona uso wake na lile kovu lake la shavu la kushoto. Wala sikuwaza mara mbili. Yeye ndiye anayepuliza dawa mashamba ya watu wengi hapa kwetu, na wiki ile ile aligombana na shemeji juu ya mpaka, akamwambia mbele ya watu kwamba atajuta. Sikujaza hata nusu ya ungo, nikaona moshi. Tulipofika paa lilikuwa limeanguka. Moshi wa salfa ulitukaba, hakuna aliyeweza kusogea. Hatukujua kwamba shemeji yumo ndani mpaka jioni.

Saturnini anasema siku ile mashine haikuwa kwake. Mwongo hakosi maneno.

Watoto wa shemeji huja kwangu karibu kila Ijumaa. Wanakaa mkekani, wananiambia, "Mama mdogo, tueleze tena." Nawaeleza. Kila ninapowaeleza namwona vizuri zaidi. Mwanzoni nilikuwa naliona kovu tu. Siku hizi naona mpaka alivyoikunja midomo.

Mke wake Saturnini, Lusiana, bado yuko hapa na watoto wake. Hakuna anayechota naye maji. Akifika kisimani wenzake wanatua ndoo na kumngoja aondoke. Mimi simwambii kitu.

Harithi hajambo. Yuko Tunduru machimboni.

Mdogo wako,
Biasha

—

Nachingwea,
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Biasha,

Assalaam alaikum. Hajra amekanda mwarobaini na anasema umemsaidia, ingawa mimi naona ni kwa sababu amepumzika kwenda sokoni. Daktari amenipangia kupasuliwa jicho la kulia mwezi wa kumi na mbili. Nakushukuru kwa kuandika kwa utaratibu. Umeandika vizuri kuliko nilivyotarajia, na ndiyo maana nina hofu.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi. Nimechora msalaba mdogo upande wa kushoto na punje ya haragwe upande wa kulia, na kati yao pana upana wa vidole vinne. Fanya hivi ukiwa peke yako, mchana, palipo na mwanga. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja. Kwa jicho la kulia utazame msalaba, na usiuache hata kidogo. Ishike karatasi mbali kama urefu wa mkono, kisha uilete polepole karibu na uso. Nenda polepole. Uniandikie kilichotokea kwa lile haragwe.

Nilifundishwa jambo hili na Daktari Winfrida, na nimelirudia mara kumi nikitumaini kwamba litakataa.

La pili. Unaandika kwamba alivaa lile koti la kijani. Koti lile ni la mashine, si la mtu. Wakulima mlichanga mkanunua vyote viwili, na mashine inapohama nyumba, koti huhama nayo. Hilo unalijua kuliko mimi. Basi nina swali moja tu: mtu yule alikuwa amejifunga nini kichwani? Usinijibu haraka.

La tatu. Mstari wako juu ya Harithi ni mfupi. Wewe huandiki mfupi juu ya mwanao.

Kaka yako,
Masoudi

—

Nachingwea,
28 Novemba 2024

Mdogo wangu Biasha,

Assalaam alaikum. Natumaini mko wazima. Hapa tu wazima, na mvua ya kwanza imenyesha juzi. Mji umejaa malori ya korosho, na vumbi haliniruhusu kukaa barazani.

Zimepita zaidi ya siku sitini bila jibu. Nilimuuliza Lukasi kama barua ilipotea. Akasema kijana wa bodaboda alikukabidhi mkononi, na kwamba wiki iliyopita alikuona kwenye mnada, mzima, ukamsalimu, ukaondoka kabla hajakuuliza kitu. Kwa hiyo barua unayo. Karatasi unayo. Na swali langu unalo.

Sitalirudia. Lakini naona vyema ujue kwamba usingizi wangu si mzuri. Nikifumba macho nauona uso wa Saturnini, na mimi sijapata kumwona Saturnini maishani mwangu. Sijui ana kimo gani wala ana rangi gani. Uso ninaouona, na kovu lake, umetoka kwenye barua yako. Ikiwa mimi niliyesoma tu nimeweza kumwona, itakuwaje kwa watoto wa Amiri wanaosimuliwa kila Ijumaa? Na itakuwaje kwa hakimu?

Niandikie, hata kama ni mistari mitatu.

Masoudi

—

Nambilanje,
5 Januari 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nimesikia kwamba ulipasuliwa salama, nikashukuru, na hata hapo sikuandika. Tumepanda mahindi. Mvua ni nzuri, nyani ni wengi. Mbuzi aliyebaki amekua.

Ile karatasi ilikaa chini ya godoro wiki tatu. Siku niliyoitoa nilikuwa peke yangu, nimekaa kizingitini. Nilifanya kama ulivyoelekeza. Msalaba ulibaki, na haragwe likatoweka. Kaka, halikufifia. Liliondoka. Na pale lilipokuwa hapakuwa na tundu wala weusi. Palikuwa na karatasi, nyeupe, safi, na mistari yake ya bluu ilipita pale pale kana kwamba haragwe halijapata kuwapo. Nilifunua jicho la kushoto, likarudi. Nikarudia. Nikamwita Shakila, binti wa jirani yangu, naye likamtoweka, akacheka, akataka kurudia kama mchezo. Mimi niliingia ndani nikairudisha karatasi chini ya godoro.

Nani aliyepaka karatasi pale? Nilikuwa natazama kwa jicho langu mwenyewe, mchana, na nilijua kwamba haragwe lipo.

Kuna jambo sikukuandikia katika barua ya Septemba. Lilitokea siku tano tu kabla sijaiandika. Nilikuwa uani nachambua mchicha. Mashine ilikuwa inalia shamba la jirani, wanamalizia salfa, kisha ikanyamaza. Mtu akatokeza kwenye vumbi na lile koti. Nilimwona Saturnini. Sisemi nilimfananisha. Nilimwona, na kovu, na midomo aliyoikunja, naye yuko gerezani mwaka mzima. Nilianguka na ungo. Yule mtu akanikimbilia, akafungua kitambaa usoni, na alikuwa Shakila. Binti wa miaka kumi na tisa, Kaka, ana uso mviringo kama sahani.

Akaniuliza, "Mama Harithi, umeona jini?"

Nikamwambia jua limenipiga. Akanicheka, akasema jua gani la saa moja. Kesho yake kisima kizima kilijua kwamba Mama Harithi amemkimbia Shakila. Mimi nikacheka nao.

Umeniuliza alikuwa amejifunga nini kichwani. Alikuwa amejifunga kitambaa, Kaka. Kitambaa cheupe, kimezunguka kichwa na uso, kimeacha macho tu. Hakuna anayepuliza salfa uso wazi. Angekufa kwa kukohoa. Kila mtu hapa anajua, na mimi nimepuliza mwenyewe nilipokuwa msichana. Polisi waliniuliza kama niliuona uso, nikasema ndiyo. Hawakuniuliza kuhusu kitambaa. Wao hawapulizi salfa. Na watoto wa shemeji wanapuliza kila mwaka, wamenisikiliza kila Ijumaa nikilitaja lile kovu, na hakuna hata mmoja aliyesema, mama mdogo, kovu lile ulilionaje. Nasi sote tunakijua kile kitambaa.

Naogopa kulala na naogopa kuamka. Nikisema sikuuona uso, watoto wa shemeji watasema nimelishwa na watu wa Lusiana. Wataichoma nyumba hii.

Usiniulize zaidi.

Biasha

—

Nachingwea,
19 Januari 2025

Mdogo wangu Biasha,

Waalaikumu salaam. Jicho linaona. Niliporudi nyumbani niliona kwamba Hajra amezeeka, na kwamba ukuta niliodhani ni mweupe una nyufa nne. Anakusalimu. Samia naye anakusalimu.

Nilimrudia Daktari Winfrida nikamweleza habari ya kitambaa, bila jina la mtu wala la kijiji. Hakushangaa, na kutoshangaa kwake kuliniumiza. Aliniuliza kama shahidi ni mwongo. Nikasema hapana. Akasema ndivyo alivyodhani. Mwongo angekikumbuka kitambaa. Alisema kwamba vumbi likiwa jingi na muda ukiwa mfupi, ubongo hautangojea jicho. Unachukua koti, unachukua ugomvi wa wiki ile, unatengeneza mtu mzima, na kumbukumbu ikisimuliwa kila mara hukauka kama udongo wa ukuta. Kisha akasema neno ambalo sikulipenda: kwamba pengine tunamwona tunayemtarajia, na pengine tunamwona yeyote yule ili tusimwone mwingine.

Nilipoanza barua hizi nilikuambia kwamba nilikaa kimya kwa sababu mbili. Ya pili ni hii.

Siku ya pili baada ya moto, kabla habari haijafika huku, Harithi alipita hapa akienda Tunduru. Hakutaka kukaa. Alikunywa chai akiwa amesimama. Nilikuwa na macho mazuri wakati ule, kuliko leo. Niliona kwamba kope zake zimekatika, na nyusi zimejikunja na kuwa za kahawia. Nikamwambia salfa imekuchoma macho, mjomba. Akasema ndiyo, Mjomba. Mimi ndiye niliyempa jibu, naye akalichukua. Nikampa nauli. Mwaka na zaidi nimejiambia kwamba niliona macho yaliyowashwa na salfa. Salfa huyafanya macho kuwa mekundu, Biasha. Haichomi kope. Moto ndio unaochoma kope.

Sasa naandika lile nililokuwa nalizunguka tangu Agosti. Saturnini anasema mashine haikuwa kwake siku ile. Ililala kwa nani?

Unajua desturi yetu. Mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa mtu mwingine, na kosa lake linabisha hodi kwangu. Kwa hiyo usidhani kwamba unalibeba peke yako, wala usidhani kwamba utaliamua peke yako. Lakini mimi sikuwa pale kwenye mbaazi. Aliyekuwapo ni wewe, na mahakama haitaniita mimi.

Nakungoja.

Kaka yako,
Masoudi

—

Nambilanje,
16 Februari 2025

Kaka yangu Masoudi,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba unaona. Mpe wifi salamu, na umwambie Samia aandike vizuri, barua ni mali. Palizi ya kwanza imekwisha. Ramadhani inakaribia na bado sijapata tende. Karatasi ya mahakama imefika: ni Alhamisi, tarehe 27 ya mwezi huu.

Ililala kwangu.

Jioni ya kuamkia siku ile Saturnini alileta mashine na koti. Ilikuwa zamu yake, lakini alitaka kwenda bondeni na mkewe kutengeneza bustani, akamwomba Harithi ampulizie. Waliongea pale mlangoni, wakataniana, Saturnini akamwambia asivunje mashine ya watu kwa uvivu wake. Nilikuwepo. Niliwapikia chai. Asubuhi Harithi alitoka kabla yangu, na koti lile amelivaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga kile kitambaa, kwa nyuma, mafundo mawili. Kisha nikaenda mbaazi, nikamwona mtu mwenye koti na kitambaa akitoka kibandani, na nikamwona Saturnini.

Naapa, Kaka, sikudanganya hapo. Nilimwona. Uongo wangu ni mmoja, na ulikuja baadaye: polisi walipouliza Harithi yuko wapi, niliwaambia amesafiri tangu jana yake. Saturnini alipowaambia kwamba alimpa Harithi mashine, wakamwonyesha maneno yangu.

Barua yako iliponifikia nilipanda kichuguu, nikampigia Harithi. Watu walikuwa nyuma yangu. Nikamwambia tu, "Mwanangu, njoo nyumbani, mjomba wako ameona." Hakuuliza ameona nini. Alifika jana saa sita.

Hakula. Nilimwambia avae koti. Mashine iko kwa kina Shakila wakati huu wa mvua, nikaliazima koti, nikasema nataka kulishona. Nikamfunga kitambaa kama siku ile. Tukaenda. Palipokuwa kibanda pameota majani, na mbaazi hazipo, lakini mpaka uko pale pale. Nikamwambia asimame kwenye kibanda, kisha atoke anitazame, kisha ashike njia ya bondeni. Nikaenda kusimama niliposimama. Hatua thelathini.

Alitoka. Hapakuwa na vumbi la salfa safari hii. Aligeuka akanitazama. Kitambaa kilikuwa kimemfunika vile vile, macho tu, na nilimwona mwanangu. Bega la kushoto limeshuka kidogo, kama la baba yake. Hatua zile nilizomfundisha mwenyewe kwenye uwanja wa nyumba. Kila kitu kilikuwa pale, na kilikuwa pale siku ile pia. Nilimtafuta Saturnini, Kaka. Nilikaza macho nimtafute. Hakuwapo tena.

Akafungua kitambaa, akaniuliza, "Umemwona nani, Mama?"

Tukakaa chini pale pale kwenye majani, akanieleza. Aliingia kuchukua mfuko wa salfa. Alikuwa ameteremsha kitambaa avute sigara. Alikuwa anaitafuta mifuko ambayo haijafunguliwa, anahesabu, kwa kuwa baba yake mkubwa alikuwa mkali kwa mifuko iliyofunguliwa. Akatupa kipande cha sigara nyuma yake, akapandisha kitambaa, akatoka na kunikuta mimi. Alikwenda hatua chache tu, akasikia moto, akarudi kuuzima kupitia mlango wa nyuma, ukamrukia usoni, akakimbia. Anasema hakumwona mtu mle ndani. Kibanda chenyewe unakijua, hakizidi jiko langu. Shemeji alikuwa amelala pale kwenye mkeka, nyuma ya mifuko, labda hatua mbili kutoka alipokuwa.

"Sikumwona, Mama," akasema. "Nilikuwa natazama mifuko."

Nikakumbuka bakora yako. Namwamini, na naogopa kwamba nitakuwa mtu wa pekee atakayemwamini. Watoto wa shemeji hawajasoma barua zako. Watasema nani asiyemwona baba yake mkubwa hatua mbili?

Leo asubuhi nilikwenda kisimani. Lusiana alikuwa anachota, na wenzake wametua ndoo, wanangoja. Mimi nami nilitua. Nilisimama nao. Kisha nikaichukua ndoo yangu nikasogea, nikamshikia kamba. Hakuniangalia. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama Harithi, watoto wanauliza kama baba yao atakuja Pasaka." Nikamwambia sijui. Wanawake wote walikuwa wanatutazama, na sijui waliona nini.

Harithi yuko nje sasa hivi, amekaa kizingitini na mgongo wake kwangu. Ameniambia kwamba lolote nitakalosema tarehe 27 yeye hatakimbia tena. Nilitamani aniombe nimfiche. Ingekuwa rahisi kukataa. Mlango uko wazi, na kila nikiinua macho kutoka kwenye karatasi hii namwona yeye, wala simwoni mtu mwingine yeyote.

Usije. Ukija, watoto wa shemeji watajua kabla sijajua mwenyewe. Zimebaki siku kumi na moja. Nikishaamua nitakaloliapia, wewe ndiye wa kwanza nitakayemwandikia, na nitaandika kwa utaratibu, tangu nilipotoka nyumbani.

Mdogo wako,
Biasha